Kabla ya Kuandika "Hakuna Maandiko", Umetafuta?

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, nipo. Labda hili baridi la Songea ndilo lina mpango huo, maana upepo unaoshuka Matogoro asubuhi ukikukuta huna sweta utajuta. Ila kilichonipoteza hasa ni utafiti wa mwaka wa tatu. Leo nataka niseme yangu kuhusu hilo, kwa sababu nimeaibika, na naona bora niaibike hadharani ili mwenzangu apone.

Basi bwana, kisa chenyewe hiki hapa. Kama mnavyojua nasoma Ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Nikachagua mada inayohusu namna walimu wa Historia katika sekondari za hapa manispaa wanavyotumia masimulizi ya wazee kufundisha Vita vya Majimaji. Mada nimeipenda toka moyoni. Mimi ni mtoto wa hapahapa. Nimepita mbele ya Makumbusho ya Majimaji tangu nasoma chekechea, na kila tarehe 27 Februari naona watu wanavyokusanyika kuwakumbuka wazee wetu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nikajiambia, hapa ndo nyumbani, nani atanifundisha?

Nikaandika pendekezo la utafiti kwa siku mbili. Ile sehemu ya mapitio ya maandiko niliimaliza kwa bando moja la usiku. Nikafungua Google nikaandika "Majimaji Songea". Jamani, yaliyokuja! Timu ya Majimaji, Uwanja wa Majimaji, matokeo ya mechi za zamani, habari za miradi ya maji ya bomba. Nikaondoa neno Songea, wakaniletea wapiganaji wa Mai-Mai wa Kongo. Ukurasa wa pili sikufika. Nikafunga sura kwa sentensi ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa kichwa: "Hakuna maandiko ya kutosha kuhusu Vita vya Majimaji katika Ungoni, hususan yanayotokana na masimulizi ya wazee wenyewe." Nikaisoma mara mbili. Ikasikika kisomi kabisa.

Supavaiza wangu akaisoma mara moja tu.

"Kijana, wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa Songea, Mwalimu."

"Hii sentensi umeiandika baada ya kutafuta au kabla?"

Nikanyamaza. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi: Mapunda na Mpangara, 1969. Akanirudishia. "Nenda katafute. Ukirudi tutaongea."

Nilichokipata ndicho kinachonifanya niandike leo. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji. Wanafunzi walirudi makwao kuwahoji wazee, wakiwemo waliokuwa hai wakati wa vita. Waliozungumza nao Ungoni ndio hao O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, na kazi yao ilichapishwa Nairobi mwaka 1969 kwa jina "The Maji Maji War in Ungoni". Yaani ni kilekile nilichosema hakipo! Eneo lilelile, masimulizi yaleyale ya wazee.

Walikuwa wanafunzi. Wanafunzi kama mimi na wewe, wenye daftari na kalamu, bila Google wala bando. Tena majina yenyewe ukisimama pale Soko Kuu ukaita "Mapunda!" watageuka watu kumi. Na wale wazee waliowahadithia leo hii wote wametangulia. Hakuna tena wa kumwuliza aliyeiona vita ile kwa macho yake. Kilichobaki ni kile walichoandikiwa. Halafu natokea mimi, mjukuu wao, mwalimu mtarajiwa, naandika "hakuna".

Sasa maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanuna: ile sentensi ya "hakuna maandiko" huwa tunaiandika kabla ya kutafuta, halafu tunatafuta vitu vichache vya kuizungushia. Tunachukua utafiti wa kaka aliyemaliza mwaka juzi, tunabadilisha jina la wilaya, tunapeleka steshenari, tunajalidi. Siyo kwamba sisi ni wavivu sana. Hatukufundishwa kwamba kutafuta maandiko ni kazi inayopangwa, kama unavyopanga andalio la somo. Hakuna mwalimu anayeingia darasani bila andalio (au basi, asikaguliwe siku hiyo!). Lakini kwenye intaneti tunaingia mikono mitupu tukiwa na neno moja tu, tukitoka tunasema dunia haina kitu.

Kwa hiyo nikaanza upya. Safari hii simu nikaiweka chini, nikachukua karatasi.

Kwanza nikaandika swali langu kwa sentensi moja, nikaligawa katika vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza, vita yenyewe. Cha pili, masimulizi ya mdomo. Cha tatu, ufundishaji wa historia sekondari. Hapo tu nikagundua kosa langu la kwanza. Nilikuwa nimetafuta kikapu kimoja, tena nusu, halafu nikatoa hukumu kwa vyote vitatu.

Pili, chini ya kila kikapu nikaandika majina yote ambayo kitu hicho kimewahi kuitwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye siri. Mashine haijui unamaanisha nini, inajua ulichoandika. Sisi tunaandika Majimaji, neno moja. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeandika Maji Maji, maneno mawili. Wengine Maji-Maji, na kistari katikati. Halafu kuna lile neno linalofuata. R. M. Bell alipoandika juu ya Liwale mwaka 1950 kwenye Tanganyika Notes and Records, aliita "Rebellion", yaani uasi. John Iliffe mwaka 1967 naye aliita "Rebellion". Mwaka 1968 Gwassa na Iliffe wakatoa kitabu cha kumbukumbu wakakiita "Rising". Mwaka 1969 Mapunda na Mpangara wakaandika "War", vita. Na Gwassa kwenye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1973 pale Dar es Salaam naye akaandika "War". Wajerumani hivyohivyo: Gavana von Götzen kwenye kitabu chake cha mwaka 1909 aliandika "Aufstand", maasi, lakini kitabu cha Becker na Beez cha mwaka 2005 kinasema "Krieg", vita.

Mnaona mambo? Ukiandika "rebellion" peke yake utapata zaidi wale waliouona ugomvi huu kwa macho ya gavana. Ukiandika "war" utapata wengine. Neno unalochagua kutafutia limeshakuchagulia nani utamsikiliza. Mtu anaweza kufanya utafiti mzima akiwasikia wa upande mmoja tu, wala asijue kuna wengine. Dawa yake ni kuyatafuta yote kwa pamoja: weka kila jina ndani ya alama za kufungua na kufunga semi, kisha yaunganishe kwa neno OR, kwa herufi kubwa.

Na mahali pia pana majina yake. Songea, Ungoni, Ruvuma, "German East Africa", "Deutsch-Ostafrika". Ukiandika "Ngoni" peke yake utapelekwa Malawi na Zambia kwa ndugu zetu wa huko, kwa hiyo iambatanishe na Songea. Ukiandika "Kinjeketile" utazama kwenye tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambayo sisi wa Kiswahili tumeisoma mpaka imechanika. Unataka mganga wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905, unaletewa uchambuzi wa wahusika na dhamira! Weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, mfano tamthiliya, nayo itapunguza. Mpira nao niliutoa kwa njia hiyohiyo.

Tatu, nikaandika wapi nitatafuta na kwa mpangilio gani, kwa sababu bando ni hela na bumu mnajua linavyoisha. Nikaanza na Google Scholar kupata majina na miaka tu. Nikaenda AJOL kwa majarida ya Afrika. Nikaenda hazina za kidijitali za vyuo vyetu kwa tasnifu, maana mambo mengi ya elimu ya Tanzania yamo kwenye tasnifu za hapahapa na hayajawahi kuwa kitabu. JSTOR ukifungua akaunti ya bure unaruhusiwa kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi. Kanuni yangu ni moja: nasoma muhtasari kwanza, napakua baadaye. Zamani nilikuwa napakua kila kitu, simu inajaa, hata picha za mahafali zinakosa nafasi, na sisomi hata kimoja.

Na msidharau vitu vya nyumbani. Padre Elzear Ebner, Mbenediktini, aliandika "The History of the Wangoni", kitabu kilichotolewa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1987. Peramiho! Panda gari hapo stendi, hata njaa haijauma umefika. Kitabu cha namna hiyo huenda usikione mtandaoni lakini ukakikuta kwenye kabati la mwalimu mstaafu. Mimi cha Mapunda na Mpangara nilikipata hivyo, kwa kuuliza. Nakala imechakaa, jalada limetoka, nimeapishwa nisiitoe ndani ya mkoa.

Nne, kufuata nyayo. Ukipata maandiko mazuri nenda mwisho wake uone yamewataja nani, hapo unarudi nyuma. Kisha kwenye Google Scholar angalia nani ameyataja baadaye, hapo unaenda mbele. Nitawapa mfano. Walikufa wangapi kwenye Majimaji? Desa moja linasema 75,000. Jingine linasema 300,000. Sisi tukiulizwa kwenye mtihani tunachagua tunayoikumbuka. Nilipofuata nyayo nikakuta ile 75,000 ni hesabu ya Wajerumani wenyewe, na ile kubwa inatoka kwa Gwassa, aliyekadiria kati ya 250,000 na 300,000 akihesabu pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kumbe hizo namba hazigombani tu, kila moja ina mwenyewe na ina sababu yake! Hiyo mwalimu anaweza kuifundisha kipindi kizima na wanafunzi wasisinzie.

Kwa nyayo hizohizo nikakuta kwamba wasomi wenyewe wanapingana. Iliffe aliiona Majimaji kama harakati ya watu wa kawaida iliyovuka mipaka ya makabila. Patrick Redmond akaandika mwaka 1975 kuhusu Ungoni na kusema hapana, huku watawala wa Kingoni waliingia vitani wakitaka kurudisha nguvu waliyopoteza. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson wakahariri kitabu kizima cha kuiangalia upya vita hiyo. Na mimi nilikuwa nimeandika "hakuna". Hee!

Tano, daftari. Kila nikikaa kutafuta naandika tarehe, nilitafuta wapi, kwa maneno gani, yamekuja mangapi, nimebakiza mangapi na kwa nini. Inachosha, sitawadanganya. Ila supavaiza akiniuliza "umejuaje hakuna?" namfungulia ukurasa. Na daftari ndilo linalonionyesha wakati wa kuacha: nikiona majina ni yaleyale yanajirudia kila ninakogusa, najua kikapu hicho kimejaa.

Sasa kuna wale mnaosema mambo ya daftari yamepitwa na wakati, siku hizi unauliza akili mnemba tu. Nilijaribu. Ilinipa vitabu vitano kuhusu ufundishaji wa Majimaji, vina waandishi, miaka, mpaka miji vilikochapishwa. Nikavitafuta kimoja kimoja. Vitatu havipo duniani. Vimetungwa! Sisemi msitumie, mimi yenyewe ilinisaidia kufikiria majina mengine ya kuandika kwenye vikapu vyangu. Ila chochote itakachokutajia, kione kwa macho yako kwanza kabla hujakiweka kwenye karatasi yenye jina lako. Tofauti yake na mimi ni ndogo tu: yenyewe ilisema kipo kisichokuwepo, mimi nilisema hakipo kilichokuwepo.

Najua jibu lenu jingine. "Wewe unataka kuwa profesa, sisi tunataka kumaliza." Nawaelewa. Mtandao unakatika, maandiko mengi ni Kiingereza na mengine Kijerumani, vitabu vya Ulaya bei yake ni kodi ya chumba cha Bombambili kwa miezi. Na nadhani vyuo vyetu navyo vina lao. Kufundishwa kutafuta maandiko mwaka wa tatu ni kufundishwa kuogelea ukiwa tayari umetumbukia. Ingekuwa somo la mwaka wa kwanza, kwa vitendo, na alama zitolewe kwa mpango wa kutafuta, siyo kwa urefu wa orodha ya marejeo. Ukihesabu marejeo, utaletewa marejeo. Wengine watayaokota popote.

Lakini hata hivyo lisemwe la kwetu. Sisi ni walimu watarajiwa. Ninachokosa kukitafuta leo, watoto arobaini au themanini watakikosa kwangu kila mwaka mpaka nistaafu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea akaomba msamaha, akaahidi kwamba watasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Alisema wazi kuwa kazi hiyo ni ngumu na hakuna uhakika wa kufanikiwa. Tulimpigia makofi, na tunasubiri. Ila nimejiuliza, tunawadai wageni watafute vizuri kwenye makabati yao, ni haki yetu kabisa kudai. Sisi wenyewe yaliyomo kwenye makabati yetu tumeyatafuta?

Wiki iliyopita nimerudi kwa supavaiza. Sentensi yangu nimeibadilisha, sasa inasema: masimulizi ya wazee wa Ungoni kuhusu Vita vya Majimaji yalikusanywa mwaka 1968 na kuchapishwa mwaka 1969, katika maandiko niliyoyapitia sijaona utafiti unaoonyesha kama yanafika katika madarasa ya sekondari za Songea. Pengo limekuwa dogo kuliko lile la mwanzo, lakini hili nimelipima mwenyewe. Mwalimu alisoma, akaniuliza kitu kimoja tu: "Daftari lako liko wapi?"

Nikampa. Akalifungua, akavuta kiti.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Wa mwaka wa pili, msisubiri mwakani, chukueni karatasi usiku huu muanze na vikapu vyenu. Mimi naenda kutafuta uji wa moto, vidole vimekufa ganzi. Tuko pamoja!